Sikio la Barabarani

Jumatatu asubuhi Père Camille alitandika taulo juu ya meza ya studio, kisha akaweka juu yake casque tatu, moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayelaza watoto wachanga. Casque ni kile chombo cha kusikilizia kinachokaa kichwani na kufunika masikio yote mawili. Mwaka ule wa 2000 watu wengi wa Bukavu walikuwa wamekiona tu kwa watu wa redio.

"Papa Ezéchiel," padri alisema, "bei ya moja inanunua ng'ombe, na si ng'ombe mwembamba. Mgeni wangu amezikopa dukani kwao kwa jina langu. Jumamosi anarudi Ubelgiji, na mbili zinarudi naye. Moja inabaki. Utachagua wewe."

"Mimi peke yangu?"

"Nani mwingine iko na masikio hapa?"

Laurette, msichana aliyeandika majina kwenye kaseti na kupiga barua kwa mashine, alijibu bila kuinua kichwa. "Mon père, mimi niko nayo mawili. Ila hayajapata kuulizwa kitu."

Padri alicheka. Ezéchiel hakucheka. Alichukua karatasi iliyokuja pamoja na casque zile na kuisoma mpaka mwisho. Wenye duka, marafiki wa Père Camille, walitaka kujua ni casque ipi inafaa muziki upi: kwaya, rumba, lulanga, na sauti ya mtu anayesema. Kila muziki ulikuwa na safu yake, na chini kabisa kulikuwa na nafasi ya kuandika jina la casque itakayobaki.

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mapadri, mtaani Muhumba. Kuta zilifunikwa kwa magodoro ya zamani na vibebeo vya mayai ili sauti isirudi. Kwaya zilifika kutoka parokia za mbali, nyingine zikitembea tangu Katana, kurekodi nyimbo za Noeli na Pasaka. Walifika pia vijana wa rumba wenye gitaa za kuazima, na wazee wa kabila la Kishi na lulanga zao, kile chombo cha mbao chenye nyuzi ambacho mpigaji hukilaza mapajani na kusimulia nacho habari za ukoo. Wote hao Ezéchiel aliwarekodi. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Alimaliza sekondari katika sehemu ya umeme, akaingia studio na hakutoka tena. Hakuwa mtu wa maneno. Kila siku aliandika katika daftari saa aliyoanza, kanda aliyotumia, saa umeme ulipokatika na saa uliporudi. Madaftari kumi na saba yalisimama katika rafu, kila moja na mwaka wake mgongoni.

Katika daftari la 1996, ukurasa wa mwezi wa kumi na moja, kulikuwa na mstari huu: "Casque ya studio: upande wa kulia umekufa. Hakuna ya kubadilisha."

Mwishoni mwa mwezi wa kumi mwaka ule, vita vilipoingia mjini, bomu lilianguka nyuma ya ukuta wa studio. Ezéchiel alikuwa chini ya meza, casque kichwani, amekumbatia mashine ya kurekodi. Kwa wiki tatu kichwa chake kililia kama sufuria iliyogongwa. Kelele ilipokwisha alivaa casque, akasikia muziki kushoto tu. Aliifungua, akatazama nyaya, akazichomelea upya. Bado. Chombo cha kupimia umeme kilikuwa kimebebwa na waporaji, kwa hiyo hakuwa na njia nyingine ya kupima. Akakata kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, akafunga nacho ule upande wa kulia ukae nyuma ya sikio, akaendelea na kazi.

Baadaye aliona kwamba ile ilikuwa bahati. Nyakati zenyewe zilitaka hivyo. Mtu aliyefunga masikio yote mawili hawezi kujua nani amefika mlangoni. Kila aliyejifunza kazi pale alifundishwa naye: sikio la kushoto ni la kazi, sikio la kulia ni la barabarani. Laurette pia alifundishwa hivyo, akafunga nywele zake upande mmoja ili mpira usizivute.

Ndipo ukaja mwezi wa nane wa 1998.

Siku ile askari walikuwa wakipigana wao kwa wao mjini, na watu walikimbia bila kujua wanakokimbilia. Ezéchiel alikuwa peke yake studio. Aliacha mlango wa ndani wazi ili asikie mlango wa chuma wa barabarani, akavaa casque, akakaa kunakili kanda ya kwaya, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Mdogo wake Lucien, mwalimu wa Kifaransa, alitoka shuleni, alikokuwa na masomo ya likizo, akaja Muhumba kutafuta pa kujificha. Maman Agathe, aliyeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, ng'ambo ya barabara, alimwona kupitia tundu la dirisha lake. Alisema Lucien aligonga kwa kiganja, kisha kwa jiwe, akaita mara tatu, vile mdogo anavyomwita kaka yake: "Yaya! Yaya! Yaya, fungua!" Mlango haukufunguliwa. Lucien akashuka na barabara. Alipigwa risasi kwenye kona, hatua mia mbili kutoka pale.

Baada ya maziko ukoo ulikaa. Ezéchiel alisema hakuna mtu aliyegonga. Alileta daftari, akasoma mbele ya wote: "Saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja: kunakili kanda ya kwaya. Barabara kimya."

"Kimya?" mjomba mmoja aliuliza. "Siku ile?"

"Nimeandika nilichosikia. Sikio langu moja lilikuwa nje."

Gisèle, mke wa Lucien, aligeuka kumtazama. Kisha akasema neno ambalo alilirudia baadaye kwa kila aliyetumwa kupatanisha. "Shemeji, sema tu uliogopa. Kila mutu aliogopa siku ile. Mutu mwenye aliogopa, mimi nitamusamehe. Lakini usiseme bwana yangu hakugonga. Usimufanye kuwa mutu alikufa bila kuita ndugu yake."

Ezéchiel hakuweza kusema aliogopa, kwa sababu hakuogopa. Hakusikia. Gisèle alihamia kwa wazazi wake kijijini Mumosho. Kwa mwaka mmoja na nusu hakupokea salamu ya shemeji yake, wala sabuni aliyomtumia, wala barua.

Tangu wakati huo Ezéchiel aliishi kama mtu aliye upande wa pili wa ukuta wa magodoro. Alikula, alifanya kazi, alikwenda misa. Watu wa mtaa walisema amekuwa na majivuno, unamsalimu anapita. Hakujua wanasema nini, na alipoambiwa haikumwuma.

Basi Jumatatu ile, baada ya padri kuondoka, alinawa mikono, akavaa casque ya kwanza. Ilikuwa nyeusi, nzito, imefungwa pande zote kama kifuniko cha chungu. Aliweka kanda ya rumba. Besi ilishuka vizuri, ikakaa chini, ikatembea peke yake bila kukanyaga gitaa. Kushoto. Kulia hakukuwa na kitu.

Akaandika: "Nyeusi: kulia haisemi."

Akavaa ya pili, ya kijivu, nyepesi, ambayo migongo yake ilikuwa wavu mtupu wa chuma. Hapo aliweka kwaya. Sauti hazikusongamana, wanawake wa mbele walikuwa mbele na wanaume wa nyuma walikuwa nyuma, na kati yao kulikuwa na hewa. Kushoto. Akaandika: "Kijivu: kulia haisemi."

Ya tatu, ndogo ya kahawia, ilileta sauti ya msemaji karibu sana, mpaka unasikia ulimi ukigusa meno. Kulia haisemi.

Jumanne alibadilisha waya wa mashine. Jumatano aliazima mashine nyingine kwa mapadri. Matokeo yalikuwa yale yale. Hata hivyo hakuacha kazi aliyopewa. Alisikiliza kila muziki katika kila casque kwa sikio la kushoto, akijaza safu. Katika ile nyeusi lulanga ilisikika kama imewekwa ndani ya sanduku. Nyuzi zilivuma lakini kidole hakikuonekana. Katika ile ya kijivu kidole kilionekana, na hata pumzi ya mzee kabla ya kuanza shairi. Katika ile ya kahawia rumba ilikuwa nyembamba, kama wachezaji wameachwa na viatu bila miguu. Hili la viatu aliliandika, akaliona si la kitaalamu, akalifuta.

Alhamisi alimpa Laurette barua ya kupiga mashine. Ilikuwa fupi. Ilimweleza Père Camille, kwa masikitiko, kwamba casque zote tatu zimefika zikiwa zimekufa upande wa kulia, huenda kwa mitikisiko ya njia, na kwamba si vizuri kumwaibisha mgeni.

Laurette alisoma, akasoma tena. "Papa Ezéchiel, zote tatu?"

"Zote tatu."

"Upande moja? Kama vile zilipatana njiani?"

"Piga barua, mwanangu."

"Napiga. Lakini acha kwanza nione hawa marehemu." Akainuka, akavuta kiti, akavaa ile ya kijivu juu ya kitambaa chake. Kwaya ilikuwa bado inazunguka katika mashine. Laurette aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine. "Papa. Kulia iko inaimba."

"Umeivaa kinyume."

Aligeuza, akaivaa tena. "Sasa je? Bado inaimba. Yote iko inaimba. Ee Mungu, hawa wamama wa chorale wako mpaka ndani ya shingo yangu!"

"Lete."

Ezéchiel aliipokea, akaivaa kama alivyoivaa siku zote, herufi ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. Hakuwahi maishani mwake kuivaa vingine. Kila kitu kina upande wake. Kushoto kwaya, kulia hakuna. Kisha akaivua, akaigeuza, akaivaa kinyume.

Ule upande uliokufa uliimba katika sikio lake la kushoto, wazi kabisa. Na ule uliokuwa ukiimba siku tatu, sasa ukiwa juu ya sikio la kulia, ulinyamaza.

Alikaa hivyo mpaka wimbo ukaisha. Kisha akachukua casque ya zamani, akafungua mpira kwa kucha. Ulikuwa umegandamana, ukatoka vipande vipande. Akachomeka waya. "Vaa," alimwambia Laurette.

Laurette alivaa. Hakufanya mzaha. "Hii pia," alisema. "Hii pia iko muzima, papa. Ina vumbi tu."

"Laurette."

"Papa."

"Kwa nini unakaa upande huu wa meza siku zote? Dirisha liko ule."

Alifikiri. "Kwa sababu mutu akikaa ule upande, papa haujibu. Nilizoea. Nilifikiri ni tabia ya wazee."

Ezéchiel alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa. Akaenda kwenye rafu, akatoa daftari la 1996, akasoma mstari wake. Akatoa la 1998, akasoma: "Barabara kimya." Alingoja kitu kimjie, machozi au hasira, hata kizunguzungu. Hakuna kilichokuja. Aliona tu kwamba wino wa 1998 ulikuwa wa bluu na wa 1996 mweusi. Siku ile sikio lililo zima lilikuwa limefunikwa na kwaya, na sikio alilolipeleka barabarani lilikuwa limekwisha kufa tangu miaka miwili. Alikuwa ameweka maiti kulinda mlango.

Alichukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya maneno yale, bila kuyafuta yasisomeke. Juu yake akaandika: "Sikusikia barabara." Akaweka tarehe ya siku hiyo.

"Nipige barua?" Laurette aliuliza kwa sauti ndogo.

"Usipige."

Ijumaa alianza upya. Kila casque aliisikiliza mara mbili, mara ya pili akiwa ameigeuza, ili kila upande upite kwenye sikio linalofanya kazi. Pande zote sita zilikuwa nzima. Jioni kabla ya misa alimpelekea Père Camille karatasi. Rumba: nyeusi. Msemaji: kahawia. Kwaya: kijivu. Lulanga: kijivu, mbali sana na nyingine. Na chini kabisa, katika nafasi ya ile itakayobaki: kijivu.

Padri alivaa miwani. "Lakini hii iko na matundu, Papa Ezéchiel. Inavuja. Mwimbaji akiivaa, kipaza sauti kitashika muziki unaotoka."

"Kitashika kidogo."

"Na vijana wa rumba? Hawa ndio kaseti zao zinatembea. Watalia besi yao."

"Watalia."

"Sasa kwa nini?"

"Mwenye kuivaa anasikia mlango," Ezéchiel alisema. "Nilimvalisha Laurette, muziki juu, nikatoka nje nikagonga. Alikuja kufungua. Kwa nyeusi hakuja. Kwa kahawia hakuja." Akagusa sikio lake. "Mon père, mimi sikio la kulia halisikii. Tangu lile bomu. Nimejua jana."

Père Camille ndiye aliyemzika Lucien. Alivua miwani, akaikunja. Akachukua kalamu na kutia sahihi karatasi.

Jumamosi mgeni aliondoka na casque mbili. Ezéchiel aliweka ile ya zamani ndani ya mfuko, pamoja na daftari, akaenda Mumosho. Njia ilikuwa wazi siku hiyo. Alimkuta Gisèle nyuma ya nyumba ya baba yake, amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharagwe mapajani. Alikuwa amekonda. Hakuinuka.

"Shemeji," alisema. "Umekuja kusema?"

"Nimekuja kusema."

"Basi sema. Uliogopa."

"Hapana. Lucien aligonga." Alisimama na mfuko mkononi. "Aligonga na akaita, vile Maman Agathe alisema. Nyinyi mulikuwa na haki. Mimi sikusikia. Sikio la kulia limekufa tangu quatre-vingt-seize, mwaka wa lile bomu, na sikujua. Nilifikiri ni casque ndiyo ilikufa."

Gisèle alitoa kicheko kikavu kilichokatika njiani. "Mutu hajue sikio yake imekufa? Shemeji, ulitafuta muda yote hii, ukapata ile tu?"

Alimweleza. Alimweleza mpira, sikio la kazi na sikio la barabarani, casque tatu, Laurette. Alitoa ile ya zamani na daftari, akavitandaza juu ya mkeka kama mchuuzi. Gisèle hakuvigusa. Alisoma ule mstari uliopigwa rula, akasoma maneno yaliyo juu yake.

"Kaa," alisema.

Ezéchiel alikaa juu ya mkeka. Gisèle aliweka ungo chini, akaja akapiga magoti upande wake wa kulia. Kwa kiganja kimoja akafunika sikio la kushoto la Ezéchiel, akalibana kwa nguvu mpaka kichwa kikaegemea upande. Mkono ulinuka maganda ya maharagwe. Dunia ikazimika. Mbele yake kuku alikuwa akichakura, na makucha yake hayakutoa sauti. Kisha akahisi pumzi ya Gisèle katika sikio la kulia, pumzi ya moto, inayokuja na kukatika, kuja na kukatika. Alikuwa anasema. Alisema kwa muda mrefu. Wakati fulani pumzi ilikuja kwa nguvu, mara tatu mfululizo, na tone la mate likamgusa. Ezéchiel hakusogea. Alitazama kuku.

Kiganja kikaondoka, na sauti za uwanja zikarudi zote pamoja.

"Nimesema nini?"

"Sijui."

Gisèle alimtazama usoni, jicho moja kisha jingine, kama anayetafuta mahali uongo ulipojificha. Hakupata. Akajifuta kinywa kwa ncha ya kitenge.

"Bon, basi," alisema.

Alichukua kigoda chake. Hakukirudisha kilipokuwa, alikiweka upande wa kushoto wa shemeji yake, akakaa, akavuta ungo katikati yao. Wote wawili walitoa mawe na maharagwe yaliyooza, kila mmoja kwa kasi yake.

"Maman Agathe alisema aliita mara ngapi?" Gisèle aliuliza. Hakuinua sauti.

"Tatu."

"Tatu," alisema Gisèle, na akatupia kuku jiwe dogo alilolikuta ndani ya maharagwe.